Dawa ya ukutani itaishia kwenye gunia la maharage

Bwana Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya ndugu mmoja wa Ibanda, hapa hapa Bukavu, aliyeandika kwamba malaria imetuchosha, vyandarua vimechoka kabla yetu, na kwamba serikali iache aibu iirudishe DDT, ile dawa ya kuua mbu inayopuliziwa ukutani, kama Afrika Kusini walivyoirudisha. Niliisoma kwanza nyumbani, usiku, mjukuu wangu akiwa na homa mapajani, nikamkubalia karibu kila neno. Kesho yake niliirudia nikiwa kwenye meza yangu ya maharage pale soko la Kadutu. Nilipofika katikati akapita kijana mwenye sinia kichwani, anaita: "Dedete! Dedete ya kunguni, ya mende, ya panya! Dedete ya maharage!" Hapo ndipo nikatafuta kalamu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia. Nilifundisha miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya hapa mjini, mpaka mshahara ulipogeuka hadithi ya kusimuliwa kila mwisho wa mwezi, nikaingia kwenye maharage. Sokoni wananiita Madamu mpaka leo. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyajua kwa njia mbili, chaki na gunia, na gunia ndilo lililonifundisha zaidi.

Ndugu wa Ibanda hakusema uongo kuhusu wema wa dawa hii. Mimi mwenyewe huenda nisingekuwepo bila hiyo. Baba yangu, miaka michache kabla ya uhuru, aliajiriwa kupuliza nyumba katika bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi. Anayelijua bonde lile anajua: ukitoka Bukavu ukateremka Kamanyola, joto linakupokea kama mlango wa jiko, na mbu wako nyuma yake. Mama alikuwa ameshazika watoto wawili kule, wote wa homa, wote kabla hawajajua kutembea. Baada ya nyumba kuanza kupuliziwa alizaa wanne, mimi ni wa pili, na hakuna aliyezikwa.

Alitusimulia siku ya kupuliza kama watu wanavyosimulia harusi. Asubuhi shefu wa kijiji anapita akipiga kelele, kila mtu atoe nje vyungu, mikeka, kuku na mgonjwa. Wapulizaji wanakoroga unga mweupe katika ndoo ya maji, wanajaza pampu ya chuma, wanaingia. Baba alikuwa anapuliza kwa mistari ya juu kwenda chini, kila mstari unalamba kidogo ukingo wa ule wa kabla, bila kuruka nyuma ya mlango, bila kusahau chini ya kitanda. Akimaliza anaweka alama ya chaki mlangoni. Ukuta wa udongo ukikauka unabaki na vumbi jeupe, na watoto wanachapwa wakilichora kwa vidole. Lakini kilichowafurahisha watu hakikuwa kupungua kwa mbu. Mbu nani anawahesabu? Walifurahia kunguni. Usiku wa kwanza, mama alisema, kijiji kizima kililala mpaka jua likawakuta kitandani, na wengine walidhani wamerogwa.

Jinsi inavyofanya kazi ni jambo la ajabu kwa urahisi wake. Mbu wa malaria akishakunywa damu anakuwa mzito, hawezi kwenda mbali, anatua ukutani kupumzika. Pale ukutani ndipo anapoipata dawa, kwa miguu. DDT inaingia kwenye mishipa yake ya fahamu na kuviacha wazi vile vijilango ambavyo vilipaswa kufunguka na kufunga. Anatetemeka mpaka anakufa. Wengine hata hawafiki kutua: wakiikaribia dawa wanageuka, wanatoka nje na njaa yao. Gramu mbili kwa mita moja ya mraba ya ukuta, na kazi imefanyika kwa miezi sita au zaidi. Hakuna aliyewahi kupata kitu cha bei ile kinachodumu vile.

Wanafunzi wangu walikuwa wanapenda historia yake. Dutu yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, ikakaa kabatini miaka sitini na mitano bila mtu kujua ina kazi gani. Mwaka 1939, mjini Basel, Uswisi, Paul Müller akagundua kwamba inaua wadudu. Wakati wa vita, majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, watu wa Napoli walinyunyiziwa unga huo ndani ya nguo ili kuua chawa wa homa ya tifasi, na ugonjwa ukasimama. Mwaka 1948 Müller akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, naye hakuwa daktari. Sri Lanka mwaka 1946 ilikuwa na wagonjwa wa malaria karibu milioni 2.8, mwaka 1963 walihesabiwa 17. Kumi na saba, nchi nzima. Nilikuwa nikiandika namba hiyo ubaoni, darasa linanyamaza, maana katika darasa lile lile la watu hamsini, walioumwa mwezi huo tu walikuwa wanazidi kumi na saba.

Na Afrika Kusini ni kweli kama alivyosema. Waliiacha DDT mwaka 1996 wakachukua dawa za aina ya pairethroidi, zile za vyandarua vyetu. Mbu aitwaye Anopheles funestus, ambaye alikuwa ametoweka mkoa wao wa KwaZulu-Natal, akarudi akiwa haogopi pairethroidi hata kidogo. Kufika mwaka 2000 nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 60,000. Wakairudisha DDT mwaka huo, na malaria ikashuka kwa kasi. Ila ndugu yangu angeongeza kwamba mwaka 2001 KwaZulu-Natal ilibadilisha pia vidonge vya kutibu malaria, ikaanza kutumia dawa mchanganyiko ya artemisinini. Sifa zigawanywe.

Sasa nije kwetu, na kwa jambo ambalo linanitia aibu kuliandika.

Juni 2004, risasi zilipolia hapa mjini, nilifunga depo yangu ndogo nikakimbia na watoto. Niliporudi, magunia manne ya maharage yalikuwa na fukusi. Anayeuza maharage hahitaji kufungua gunia ili ajue: unatia mkono ndani unahisi joto, kama umeshika tumbo la mtoto mwenye homa. Maharage yalikuwa yametoboka matundu ya mviringo, safi, kama yametobolewa kwa sindano, na unga wake umekaa chini. Mtaji wote wa nyumba ulikuwa humo. Nikamwita mwenye sinia. Wakati ule alikuwa mwingine, wa makamo, mpole, ana mtoto shuleni kwetu. Akanipa vifundo vitatu vya plastiki vyenye unga wa kijivujivu. Nikamwuliza ni nini. "Dedete, Madamu. Nzuri sana."

Hapa nisimame kidogo. Kwetu dedete, yaani DDT ikitamkwa kisokoni, ni jina la kila dawa inayoua kidudu, kama vile kila sabuni ya unga ni Omo. Iwe nyeupe, iwe ya kijivu, iwe ya maji ndani ya kichupa cha sindano, jina ni moja. Haina karatasi, haina tarehe, haina picha ya fuvu la kichwa. Inapimwa kwa kifuniko cha chupa.

Nikamwaga magunia kwenye turubai, nikanyunyiza, nikageuza kwa koleo huku nimejifunga kitenge mdomoni. Siku ya tatu fukusi walikuwa wamelala sakafuni kama ufuta uliomwagika. Nikapepeta, nikaosha moyo wangu kwa kusema kwamba mpishi ataosha maharage kabla ya kupika, nikauza. Wateja walisifu. Gunia moja na nusu lilikwenda kwa siku nne.

Siku ya tano kuku wa jirani yangu, tetea mwenye madoadoa aliyekuwa na desturi ya kunisubiri nikipepeta, alidonoa yaliyoanguka. Sikumjali. Baada ya muda nikasikia mbawa zinapiga ukuta. Alikuwa ameinamisha shingo upande mmoja, mate yanamtoka mdomoni kama uzi, miguu inasukuma hewa. Mtoto wa jirani akamshika akimwita kwa jina, maana alikuwa amempa jina. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa.

Nilichukua kifundo kilichobaki nikakipeleka kwa muganga wa kituo cha afya, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe. Hakukigusa. Alinusa kwa mbali, akaniuliza kuku alitoka mate? Alikosa pumzi? Nikasema ndiyo. Akasema, "Madamu, hiyo si DDT. DDT haina haraka hivyo. Hiyo itakuwa ya ukoo wa organofosfati, wanaotupa kazi hapa wakati vijana wamekunywa sumu. Sisi tunawachoma atropini. Je, wewe umewachoma nini waliokula maharage?"

Sikuwa na jibu. Sijui nani alikula. Bukavu ni kubwa, na mtu akitapika usiku hapa kwetu ana sababu ishirini za kutapika.

Magunia mawili na nusu yaliyobaki niliyamwaga usiku, kwenye mtaro. Mtaro wetu unaingia mto Kahuwa, na Kahuwa unaingia ziwani. Nilijua. Nilikuwa nimefundisha mzunguko wa maji miaka kumi na tisa, na mchoro wake niliweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Nimesimulia haya ili ndugu wa Ibanda aelewe kwa nini nikisoma neno "irudishwe" naona vifundo vya plastiki. Huko KwaZulu-Natal dawa ilikuwa na mwenyewe. Inakaa depo yenye kufuli, mpulizaji anasaini pakiti anazopewa asubuhi na jioni anarudisha pakiti tupu, anapuliza nyumba za udongo tu kwa sababu inaacha madoa meupe kwenye kuta zilizopakwa rangi. Sisi hatujaweza kusimamia hata chandarua. Chandarua kilitolewa bure ili mtoto alale ndani yake. Nendeni ukingoni mwa ziwa asubuhi muone vingapi vimeshonwa pamoja kuvulia sambaza, wale samaki wadogo, pamoja na dawa yake yote. Nendeni mtaa wa Cimpunda muone vinavyozungushia kuku na miche ya kabichi. Siwalaumu sana, njaa ina akili zake. Lakini kitu ambacho kimeshindwa kukaa kitandani, kikiwa kimeshonwa, kina pembe nne na kamba, kitakaaje ukutani kikiwa unga? Mpulizaji ambaye hajalipwa miezi mitatu atapata mnunuzi kabla hajafika mwisho wa avenyu. Mnunuzi huyo ninamjua. Ana meza ya maharage.

Na hii DDT yenyewe, ile ya kweli, ubaya wake ni wa aina nyingine kabisa na ule wa kuku wangu, ndiyo maana watu wanaudharau. Baba alikoroga unga ule kwa mikono mitupu, alirudi nyumbani na nyusi nyeupe, akala bugali bila kunawa vizuri, na alikufa ana miaka 83 kwa kuteleza kwenye ngazi za udongo msimu wa mvua. Kwa hiyo mtu akija kuniambia DDT ikikugusa unakufa, namwonyesha picha ya baba. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Mwaka huo huo nyama nyekundu nayo iliingia kundi hilo, na sijaona mtu akiikimbia brosheti.

Shida yake ni kwamba haiondoki. Haipendi maji, inapenda mafuta. Ikimwagika inashika udongo, na udongoni inaweza kumaliza miaka na miaka. Kidudu cha majini kinaila kidogo, samaki mdogo anakula vidudu vingi, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, ndege anakula samaki, na kila anayekula anarithi yote ya aliyeliwa na kuyaweka katika mafuta yake. Kule Ziwa Kariba, Zimbabwe, ilitumika kupuliza dhidi ya mbung'o. Baadaye mayai ya furukombe, ndege mla samaki, yakakutwa na mabaki yake na maganda yamekuwa membamba. Ndege anajenga kiota vizuri, anataga vizuri, anaatamia, yai linapasuka chini yake. Ndiyo hayo hayo yaliyowapata tai na kozi wa Marekani, na Marekani ikaizuia mwaka 1972. Huku karibu na kwetu, miaka ya 1970, samaki wa Ziwa Tanganyika walipimwa wakakutwa nayo mwilini. Ruzizi inateremkia ziwa hilo, na bonde lake lililimwa pamba miaka mingi. Na mama anayenyonyesha ndiye mwisho wa mnyororo wote: katika vijiji vilivyopuliziwa vya Limpopo, Afrika Kusini, maziwa ya akina mama yalikutwa na DDT kwa wingi. Simwambii mama yeyote aache kunyonyesha, Mungu apishe mbali, maziwa yale bado ni bora kuliko kopo lolote. Nasema tu mahali ilipofika.

Ndugu wa Ibanda anakaa upande wa lami, ambako mvua ikinyesha maji yanakwenda yanakoelekezwa. Sisi wa Kadutu tunaishi mteremkoni. Nyumba za mbao na udongo zimepandiana kama ngazi, bomba la mmoja ni bafu la mwingine, na mvua ya Aprili inashusha ukuta mzima pamoja na picha zake. Ukuta huo ukiwa umepuliziwa, dawa inakwenda Kahuwa na udongo wake. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, kila mtu hapa anajua habari ya gesi iliyonasa kule chini. Tunachokunywa na kuvua ni tabaka la juu, na sambaza wanaishi humo. Hao sambaza hawakuzaliwa hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakakuta ziwa halina samaki wa maji ya katikati, wakazaa. Leo usiku ukisimama juu ya kilima unaona taa za wavuvi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, unasikia wanaimba. Ndiyo nyama pekee ambayo nyumba nyingi za huku zinaimudu, na wanaliwa wazima, na kichwa, na mafuta yao.

Kuna neno moja zaidi ambalo mwandishi wa Ibanda hakuligusa, na kwangu ndilo kubwa. Anadhani DDT imelala ghalani inasubiri, na nguvu zake za mwaka wa baba yangu. Sivyo. Kijilango kile cha mshipa ambacho DDT inakiacha wazi, ndicho hicho hicho ambacho dawa ya vyandarua inakiacha wazi. Mbu aliyezaliwa na kijilango kilichobadilika kidogo anazivumilia zote mbili. Kwa hiyo kila anayemwaga dawa ya pairethroidi kwenye nyanya mara tatu kwa wiki anawafundisha mbu wa dimbwi lililo karibu kuizoea DDT pia, hata kama hajawahi kuiona. Sri Lanka iliacha kupuliza ilipofika wale wagonjwa 17. Mwaka 1968 na 1969 wakarudi kuwa takriban nusu milioni, na walipoichukua tena DDT, mbu walikuwa wameshaanza kuizoea, ikabidi watafute dawa nyingine. Hata wale kunguni wa Luvungi: mama alisema miaka miwili baadaye walikuwa wamerudi, wanene, na watu wakaanza kuwafungia wapulizaji milango.

Inauma zaidi ukikumbuka tuko wapi. Pairethroidi ni nakala ya maabara ya pareto, ua jeupe linalolimwa katika milima ya Kivu Kaskazini, kwenye udongo wa volkano. Pareto yenyewe inaua haraka na jua linaimaliza haraka. Ndiyo sababu DDT ilipotoka vitani, rahisi na ya kudumu, iliiharibia soko. Na hapa hapa Bukavu tuna kiwanda cha Pharmakina, kinachotengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magamba ya mti. Nchi yetu inabeba karibu wagonjwa 12 katika kila wagonjwa 100 wa malaria duniani, ni Nigeria tu inayotuzidi, na mkoa wetu una ua na gamba.

Sisemi DDT ipigwe marufuku kabisa. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kufanya kazi 2004, umeiachia mlango mmoja tu wazi: kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Shambani hapana. Na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilisema tena wazi kwamba kupuliza ndani ya nyumba, hata kwa DDT, ni njia inayokubalika. Mlima wa Kadutu si mahali pake, ndicho ninachosema. Bondeni, Luvungi, Sange, kwenye nyumba za udongo na homa ya kweli, kama mbu wa kule wamepimwa kwanza na ikaonekana bado wanakufa, na kama kuna mtu mwenye daftari ambaye naweza kwenda kumwuliza pakiti ngapi zilitoka asubuhi na tupu ngapi zilirudi jioni, mimi nitanyamaza. Sijaomba maabara. Nimeomba daftari.

Maharage yangu siku hizi nayakausha juani mpaka yanalia yakidondoka, nayatia katika mapipa ya plastiki mpaka juu kabisa, nakaza kifuniko na kukizungushia mpira wa baiskeli. Fukusi aliyemo ndani anakosa hewa, anakufa bila unga wowote. Pipa moja bei yake si ndogo, nililipa kwa miezi minne. Wenzangu wawili wa meza za jirani wamenifuata. Wa tatu anasema mambo ya walimu ni mengi.

Alhamisi iliyopita yule kijana wa sinia alipita tena. Nilimwita, nikanunua kifundo kimoja, nikakishika hadharani, nikamwuliza kwa sauti ili na wengine wasikie: "Mwanangu, hii ni dawa gani?"

Akaniangalia kwa heshima kabisa, kama mtoto anayetaka kumfurahisha mwalimu.

"Madamu," akasema, "unataka niiite jina gani?"

Mwalimu wa zamani, muuza maharage,
Soko la Kadutu, Bukavu